Wasichana wa mwambao na mafunzo ya utafiti: msianze na fomu

Pole na kazi, Mwalimu. Unauliza kwa nini mafunzo yenu ya utafiti wa Ziwa Tanganyika yamepata waombaji watano tu, wote wavulana wa mjini, wakati tangazo limebandikwa shule zote za mwambao hadi Kagunga, mpakani na Burundi.

Mimi nimelelewa Mwamgongo, kijiji cha mwambao huohuo, nitasema wazi: karatasi ukutani haimwiti mtoto wa kike. Anaitwa na mtu, tena mbele ya mama yake. Pandeni boti, mkaongee pale kwenye vichanja, dagaa wakianikwa. Muulizeni binti anajuaje kama wamekauka. Atachukua mmoja, amvunje katikati, asikilize. Huko ni kupima unyevu, ila hakuna aliyewahi kumwambia. Anzieni hapo, mizani ije baadaye.

Halafu tarehe. Mmeweka siku za giza, taa zinawaka ziwani usiku kucha na asubuhi kila mkono unahitajika ufukweni. Sogezeni hadi mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika. Nauli ya boti itangulie. Habari za "utarudishiwa" ndipo wengi wanapoishia.

Sharti la kufaulu kwa daraja la kwanza liondoeni. Jane Goodall, mtafiti maarufu wa sokwe, alifika msitu wa Gombe hapo jirani mwaka 1960 bila digrii, na sokwe hawakumdai cheti.

Chukueni wawili wawili kutoka kijiji kimoja, maana mmoja peke yake baba hatamruhusu. Na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, si wana kituo hapo Kigoma? Ombeni mtafiti mwanamke awapokee bandarini.