Kambi ya kwanza ya skauti ilifanyika wapi?

Ndugu mmoja anasema ilikuwa Nyeri, Kenya. Hapana ndugu, haikuwa Nyeri. Nyeri ndipo Baden-Powell, askari Mwingereza aliyeanzisha skauti, alipozikwa, baada ya kufariki Januari 1941. Kambi yenyewe ya kwanza ilikuwa kisiwa cha Brownsea, pwani ya kusini ya Uingereza, Agosti 1907. Aliwachukua wavulana kama 20 hivi, wengine kutoka shule za matajiri, wengine watoto wa wafanyakazi wa miji ya Poole na Bournemouth. Kwangu mimi hilo ndilo kubwa kuliko yote, maana Uingereza ya wakati ule watoto hao walikuwa hawachangamani kabisa. Pale walilala kwenye mahema ya pamoja na kula pamoja.

Aliwagawa vikundi vinne: Mbwamwitu, Fahali, Sululu (yule ndege) na Kunguru, kila kimoja na kiongozi wake mvulana. Asubuhi waliamshwa kwa pembe ya tandala aliyoitoa Afrika, kwenye vita dhidi ya Wandebele wa Zimbabwe ya leo mwaka 1896 (na hilo nalo watoto wetu waambiwe). Mchana walijifunza kufuata nyayo, kufunga mafundo na kupika wenyewe. Usiku hadithi kando ya moto. Kitabu chake cha maskauti kilianza kutoka Januari 1908, na vikosi vikaota kila mahali.