Mpinzani au mshindani?

Swali: Ninaandika habari za ndondi. Bondia anayemwania bingwa nilimwita "mpinzani". Mhariri akabadilisha kuwa "mshindani", akasema mpinzani ni neno la siasa. Nani yuko sahihi, na neno lenyewe limetoka wapi?

Jibu: Mimi ningelirudisha neno lako. Mpinzani limetokana na pinga, kitenzi ambacho kwa asili hakina siasa yoyote: kupinga ni kuweka kitu kikakingama, kikakata njia. Tazama kipingo cha mlango. Mti umelazwa nyuma ya mbao, ncha zimeshikwa huku na huku; anayesukuma kwa nje anakutana na kitu kilichomkalia kinyume. Pingu za mikononi ni ukoo huohuo, na pingamizi linalowekwa mahakamani vilevile.

Wengi hutatizwa na ile z. Mbona si "mpingani"? Kiswahili kina mazoea ya tangu kale ya kulainisha baadhi ya konsonanti katika unyambuaji: jenga ikatoa mjenzi, pika ikatoa mpishi. Ndugu wa karibu kabisa ni kinga, iliyozaa kinza, kinzana, na mkinzani. Kisha ipo -an-, na hapa ndipo ninapolipenda neno hili. Hicho ni kiambishi cha kutendana, kilekile cha pigana na pendana. Hakuna mpinzani wa peke yake. Bingwa naye ni mpinzani wa huyo anayemwita ulingoni.

Namwelewa mhariri wako. Tangu vyama vingi viruhusiwe tena, Kenya mwaka 1991 na Tanzania 1992, "vyama vya upinzani" havikosekani kwenye taarifa ya habari, na kila uchaguzi tunasikia fulani "amepita bila kupingwa". Lakini matumizi hayo yamelikuta neno likiwa na maana yake tayari.

Mshindani si kosa. Ni wa shindana: mshindi amekwisha kupata, mshindani bado anawania. Ila wakimbiaji wa mita 100 ni washindani, kila mmoja kwenye mstari wake, hakuna anayemzibia mwenziwe. Bondia amesimama mbele ya mtu, uso kwa uso, na lazima amtoe njiani. Hasimu, lililotoka Kiarabu, liache mpaka pawe na uhasama wa kweli kati yao.

Kwa hiyo andika bila wasiwasi: "Mpinzani wake ana konde zito la kushoto."