Wauliza, Twajibu: Kalkuleta ya grafu husoma ulichoandika, si ulichokusudia

Barua za mara hii zote zahusu kalkuleta ya grafu, ile yenye skrini pana inayochora mstari ukishaipa mlinganyo. Vitufe tunavyovitaja ni vya TI-84 Plus, ya kampuni ya Texas Instruments (TI). Penye tofauti kubwa na zile za kampuni ya Casio tumesema.

Nikiandika y = −3x + 4 naletewa maneno ERR:SYNTAX. Mlinganyo mwingine, y = 2x + 40, unakubali lakini skrini yabaki na mihimili mitupu. Je, kalkuleta imeharibika?
*Mwanafunzi wa uhandisi, Tudor*

Haijaharibika. Hayo ni makosa mawili tofauti, tuanze na la kwanza.

Alama ya kutoa na alama ya hasi ni vitufe viwili mbalimbali. Ya kutoa iko safu ya kulia, kati ya kuzidisha na kujumlisha. Ya hasi iko mstari wa chini kabisa, ubavuni mwa ENTER, na imeandikwa ndani ya mabano: (−). Wewe umeanza mlinganyo kwa kitufe cha kutoa, kalkuleta ikatafuta namba ya kutolewa isiione. Likitokea kosa hilo chagua 2:Goto, kishale kitakupeleka pale pale penye tatizo. Tazama skrini kwa makini: kistari cha hasi ni kifupi na kimeinuka kidogo, cha kutoa ni kirefu.

Hatari zaidi ni kosa hilo hilo ukilifanya kwenye skrini ya hesabu za kawaida, kwa sababu hapo haulizwi mtu. Ukianza kwa kitufe cha kutoa, kalkuleta huweka yenyewe neno Ans mbele, yaani jibu la hesabu iliyopita. Unataka −7 + 10, jibu 3. Kama hesabu iliyotangulia ilitoa 20, utapewa 23, bila onyo lolote.

Na hasi ikiwa na kipeo, weka mabano. −3² kwa kalkuleta ni −9, kwani kipeo hufanywa kwanza kisha hasi ikafuata. Ukitaka 9 andika (−3)².

Sasa ile skrini tupu. Mstari umechorwa, ila umepita nje ya dirisha. ZOOM 6 huonyesha −10 hadi 10 kwa kila mhimili, na y = 2x + 40 katika eneo hilo haishuki chini ya 20. Bonyeza 2nd kisha GRAPH uone jedwali la thamani, ndipo uingie WINDOW: Xmin −30, Xmax 10, Ymin −10, Ymax 60. Utauona mstari ukikata mhimili wa x kwenye −20 na wa y kwenye 40. Jedwali kwanza, dirisha baadaye; anayebahatisha dirisha hupoteza nusu saa.

Jambo moja hukuliuliza lakini litakukuta: ukurasa wa Y= hupokea mlinganyo ambao y imekaa peke yake. 2x + 3y = 12 hauingii ulivyo. Uandike (12−2X)/3, na mabano usiyaache, la sivyo itagawanywa 2X pekee.

Mimi na mwenzangu tumeandika Y1=AX²+BX+C, tukapeana thamani zile zile za A na B. Yeye apata kikombe kinachopita kwenye sufuri, mimi changu kimepanda juu. Nani kakosea?
*Kidato cha nne, Kisauni*

Hakuna aliyekosea kuandika. Tofauti iko kwenye C, ambayo nyote wawili hamkuijaza.

Herufi kwenye kalkuleta ni kama kikapu chenye jina. Kuijaza A thamani ya 5 ni hivi: 5, STO→, ALPHA, MATH (herufi A imeandikwa juu ya kitufe hicho), ENTER. Kikapu ambacho hakijaguswa kina 0, wala kalkuleta haitakwambia kwamba ni kitupu. Ndiyo sababu ya mchoro wa mwenzako. Chako kina namba iliyoachwa na hesabu ya zamani, pengine na mtu aliyeazima kalkuleta wiki iliyopita. Kuizima hakufuti kitu. Kabla ya kuanza, bonyeza ALPHA na herufi, kisha ENTER, ujue kilichomo.

Usiweke namba unayoitegemea kwenye X. Kila mchoro unapochorwa au unapotembeza TRACE, kalkuleta yenyewe huibadilisha X. Tumia A, B, K, yoyote nyingine. Na kumbuka AB haiwi jina la kitu kimoja, ni A mara B.

Mgawanyo nao una mtego. 1/2X kwenye TI-84 Plus ni nusu ya X. X ikiwa 4 jibu ni 2. Casio za grafu kama fx-9860GII huunganisha 2X kwanza, jibu likawa 0.125. Mwanafunzi wa TI na wa Casio wakikaa dawati moja watabishana hadi kengele ilie. Mabano huumaliza ubishi: (1/2)X au 1/(2X).

Mwalimu ametupa zoezi la maji ya bahari kujaa na kupwa: kina cha wastani mita 2, hupanda na kushuka mita 1.5, mzunguko saa 12.4. Mchoro wangu si mawimbi, ni mstari ulioinama kidogo tu. Pia aliuliza ni wakati gani maji yanapita mita 3.
*Mwanafunzi, Likoni*

Zoezi zuri sana hili, kwa mtu anayeona maji yakipanda na kushuka kivukoni kila siku. Mlinganyo ni Y1=2+1.5sin(2πX/12.4), X ikiwa saa tangu maji yalipokuwa kwenye wastani yakijaa.

Ugonjwa wako uko kwenye MODE: umeacha DEGREE. Ndani ya mabano mna 2π, na hiyo ni lugha ya radiani, kipimo kingine cha pembe badala ya nyuzi (DEGREE). Kwa saa 24 nzima, kilichomo ndani ya mabano hufika kama 12.2. Zikihesabiwa kuwa nyuzi, ni kipembe kidogo tu, na maji yako yanapanda kutoka mita 2 hadi 2.3 basi. Ingia MODE, peleka kishale kwenye RADIAN, ENTER.

Kisha WINDOW: Xmin 0, Xmax 24, Xscl 3, Ymin 0, Ymax 4. Sasa utaona maji yamejaa mita 3.5 saa 3.1 na saa 15.5, yamekupwa mita 0.5 saa 9.3 na saa 21.7.

Kwa swali la mita 3, andika Y2=3. Bonyeza 2nd, TRACE, kisha 5. Kalkuleta itauliza mchoro wa kwanza, ENTER. Wa pili, ENTER. Halafu itaomba ukisie. Wengi hubonyeza ENTER tu hapo, wakapewa makutano wasiyoyataka. Sogeza kishale karibu na makutano ya kwanza ndipo ubonyeze: 1.44. Rudia kwa ya pili: 4.76. Yaani maji yako juu ya mita 3 tangu saa 1 na dakika 26 hadi saa 4 na dakika 46 baada ya kuanza kuhesabu, na mawimbi yanayofuata ongeza 12.4.

Mlinganyo huu ni wa siku moja ya mfano. Bamvua, yaani maji makubwa, hupanda zaidi ya maji mafu, yaliyo madogo, kwa hiyo ile 1.5 hubadilika kadiri mwezi unavyoendelea. Mtu asiingie baharini kwa kutegemea hesabu ya daftari.

Binti yangu anataka nimnunulie kalkuleta hii. Ataifanyia mtihani?
*Mzazi, Nyali*

Inategemea mtihani, mama. KCSE huruhusu kalkuleta isiyotoa sauti na isiyoweza kupangiwa programu, kwa hiyo ya grafu haiingii chumbani. Cambridge IGCSE ya hesabu namba 0580 nayo hairuhusu, lakini 0607 inaihitaji, na hesabu za IB Diploma vilevile. Muulize mwalimu wake namba ya somo kabla ya kutoa pesa.

Ukinunua iliyotumika, bonyeza kila kitufe kimoja kimoja dukani, hasa (−) na ENTER. Kisha fungua mlango wa betri. TI-84 Plus hutumia AAA nne, na kwa unyevu wa chumvi wa pwani yetu chemchemi zake hushika kutu. Ukiona unga wa kijani au mweupe, iache. Na yake mwenyewe akiiweka likizo nzima, atoe betri hizo nne.

Kila nikibonyeza GRAPH naona INVALID DIM, ingawa mlinganyo ni sahihi.
*Msomaji, Changamwe*

Tazama juu kabisa ya ukurasa wa Y=. Neno Plot1 limewaka weusi, maana yake kalkuleta inajaribu kuchora orodha ya takwimu isiyo na kitu. Peleka kishale juu yake, bonyeza ENTER liache kuwaka, kisha GRAPH.