Jenereta kubwa moja au betri? Umeme wa siku ya mashindano

SWALI

Injinia, salaam. Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya motokrosi, mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo, hapa Jinja, Uganda. Tunaandaa mashindano mara tano au sita kwa mwaka kwenye uwanja wa kukodi usio na umeme, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Tuna kompyuta mbili za watunza muda, kifaa cha kusoma transponda (vitambulisho vya redio vinavyofungwa kwenye pikipiki), printa, chaja za redio za marshali (wasimamizi wa njia), spika za mtangazaji na kompresa ya matairi. Kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka jenereta ya kVA 5 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa jenereta) tumalize maneno, na wapo wanaotaka lile sanduku la betri ya lithiamu. Pesa zetu ni za michango, hatuna nafasi ya kukosea. Tununue nini?

JIBU

Ndugu Katibu, salaam nawe na kamati yako.

Msinunue jenereta ya kVA 5, na msiitwishe betri kila kitu. Gaweni umeme wenu mara mbili. Meza ya watunza muda, pamoja na redio za marshali, iwe na betri yake, isiyochomekwa kitu kingine chochote. Spika, chaja za simu na taa zipewe jenereta ndogo ya inveta ya kVA 2. Kompresa ya umeme ibaki nyumbani; matairi mtayajaza kwa njia nyingine, nitaieleza. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu mwaka huu, anzeni na betri, jenereta mkodi.

Nang'ang'ania hivi kwa sababu ya siku moja ambayo sijaisahau. Niliitwa kusaidia kwenye mashindano ya klabu ya vijana. Palikuwa na jenereta moja ya kawaida, ekstensheni moja ndefu, na kila kitu kimechomekwa humo humo. Raundi ya pili ya watoto ikiwa katikati, mtu wa chai akachomeka birika la wati 2,000. Jenereta ikaguna, mtangazaji akakatika, na kompyuta ya muda, ambayo betri yake ya ndani ilishakufa, ikazima. Mtoto wa miaka kama kumi aliyekuwa akiongoza alimaliza, akaja mezani na helmeti mkononi, uso mzima vumbi jekundu, akauliza amekuwa wa ngapi. Hakuna mtu mzima pale aliyeweza kumjibu. Wazazi walibishana mpaka jua likazama. Mtoto amejiandaa miezi miwili kwa dakika kumi za mbio, nasi tukazipoteza kwa kikombe cha chai.

Kilichotokea ndani ya mashine ni hiki. Jenereta ya kawaida ya aina hii huhitaji injini izunguke mara 3,000 kwa dakika ili itoe umeme wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Ukiitwisha mzigo ghafla, injini inalemewa, volti na hezi zinashuka. Ukiuondoa mzigo ghafla, injini inaruka juu kabla gavana (kidhibiti kasi cha injini) haijawahi kupunguza mafuta, na volti zinapanda nayo. Chaja nyingi za laptopu zimeandikwa volti 100 hadi 240 na huvumilia kuyumba huko. Printa na amplifaya si wavumilivu hivyo. Jenereta ya inveta hupitisha umeme wake kwanza kwenye saketi inayoutengeneza upya, ukatoka wimbi safi la hezi 50 hata kama injini inapunguza kasi. Na kwa kuwa injini hupunguza kasi mzigo ukiwa mdogo, inakula petroli kidogo na kelele zake ni ndogo. Hilo la kelele ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: mtunza muda anayesikiliza redio ya marshali aliyeko kona ya mwisho lazima amsikie anaposema kuna mtu ameanguka.

Sasa hesabu. Chukueni karatasi, someni kibandiko cha kila kifaa, zidisheni wati kwa saa. Kwa vifaa ulivyotaja, makadirio yangu ni haya: laptopu mbili, wati 40 kila moja kwa saa 9, ni wati-saa 720. Kifaa cha transponda pamoja na ruta, wati 25 kwa saa 9, ni 225. Printa ya wino, 50. Redio sita, wati 10 kila moja kwa saa 3, ni 180. Jumla 1,175. Inveta ya kugeuza betri kuwa umeme wa nyumbani hupoteza kama asilimia 12 njiani, kwa hiyo betri itatakiwa kutoa karibu 1,335.

Angalia: nimesema printa ya wino. Printa ya leza huvuta karibu kilowati nzima kila inapopasha moto karatasi, na itaangusha inveta ndogo mara ya kwanza mnapobonyeza chapa. Kama yenu ni ya leza, ichomekeni kwenye jenereta au muazime nyingine.

Betri ya lithiamu aina ya fosfeti ya chuma, ya volti 12.8 na ampea-saa 100, ina wati-saa 1,280. Ukibakiza kidogo chini ili isichoke, unatumia kama 1,150. Haifiki 1,335, lakini msiogope, maana hapa ndipo jenereta inapoisaidia. Wekeni chaja ya ampea 20 inayofaa lithiamu, na wakati wa mapumziko ya mchana iiongezee betri kwa saa mbili. Itaingia karibu wati-saa 500, nanyi mtamaliza siku na akiba mkononi. Siku ambayo jenereta imekodiwa na haijafika, mtunza muda ataanza kazi saa mbili kamili bila wasiwasi, na hilo ndilo lililonifanya niseme betri kwanza.

Betri ya asidi ya sola, ya ampea-saa 100, inapatikana kila mji na bei yake ya kuanzia ni nafuu. Lakini isitumike zaidi ya nusu, yaani wati-saa 600, la sivyo haizeeki vizuri. Mtahitaji mbili au tatu, kila moja ikikaribia kilo 30, za kubebwa na watu wale wale wanaobeba mahema. Betri ya gari msiiguse kwa kazi hii. Imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kutoa umeme kutwa.

Kuhusu sanduku lenye kila kitu ndani, mimi silikatai. Kama hakuna mtu klabuni anayejua kuunga nyaya, linunueni. Ubaya wake ni kwamba saketi ya ndani ikiungua, mara nyingi fundi wa karibu hana kipuri, na sanduku zima linakuwa uchafu. Mkiwa na fundi umeme miongoni mwenu, ungeni wenyewe: betri, inveta ya wimbi safi ya wati 600, waya wa milimita za mraba 16 usiozidi mita moja, na fyuzi ya ampea 80 karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Fyuzi hiyo si pambo. Bila fyuzi, waya ukichunika na kugusana, betri ya lithiamu inaweza kutoa mkondo wa kuyeyusha shaba kabla hujaufikia mkono. Na msikubali kuuziwa inveta ya wimbi la ngazi kwa kuwa ni rahisi. Spika zitavuma na baadhi ya chaja zitapata moto.

Tuje kwenye kompresa, maana naona ndiyo iliyozaa wazo la kVA 5. Kompresa ya nguvu farasi 2 ikishazunguka huvuta wati kama 1,700, lakini ile sekunde ya kuanza huvuta mara tatu au zaidi ya hapo. Kwa hiyo mnataka kununua mashine ya kilo 80 kwa ajili ya sekunde moja. Matairi ya motokrosi hukaa kwenye psi 12 hadi 15. Pampu ya mguu inatosha, na kwa wengi wenu kuna pampu ya volti 12 inayobanwa kwenye betri ya gari, injini ya gari ikiwa inanguruma. Mkitaka raha zaidi, jazeni tangi la upepo mjini asubuhi mje nalo. Kulehemu uwanjani pia sishauri. Fremu iliyopasuka haipandwi tena siku hiyo, hata fundi awe hodari namna gani.

Kompresa ikiondoka, mzigo wa jenereta unakuwa spika, chaja ya betri, taa za jioni na chaja za simu za watu. Hata vyote vikiwaka pamoja hamfiki wati 800. Jenereta ya inveta ya kVA 2 hutoa wati 1,600 mfululizo, ina kilo 20 na ushee, na mtu mmoja anaibeba. Birika halimo kwenye hesabu hii. Chai ichemshwe kwa gesi au mkaa.

Kuna jambo moja wauzaji hawalisemi. Namba kwenye kibandiko imepimwa karibu na usawa wa bahari. Injini ya petroli hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, maana hewa inapungua. Ziwa letu lenyewe, Viktoria, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Jinja ondoeni kama asilimia 12: wati 1,600 zinakuwa 1,400. Mkialikwa Kabale, kwenye mita kama 2,000, ondoeni moja ya tano au zaidi.

Dukani, ulizeni wati za mfululizo, si za kilele. Jenereta nyingi zinabandikwa namba ya kilele kwa herufi kubwa, nayo ile ya kweli imeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni. Nendeni na pasi ya wati 1,000 na mita ya umeme. Washeni pasi kwenye soketi moja, chomekeni mita kwenye ya pili, mwacheni muuzaji asubiri dakika 15. Volti zibaki karibu 230, hezi 50 zisiyumbe, na pasi ikizima na kuwaka yenyewe msione volti zikirukaruka. Muuzaji akikataa kipimo hiki, nendeni duka la pili.

Uwanjani, iwekeni angalau mita sita kutoka kwenye hema lolote, moshi ukielekea upepo unakokwenda. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi. Haina harufu na haina rangi, na inaua mtu akidhani amesinzia kwa uchovu. Mvua ikinyesha, watu huwa na hamu ya kuisogeza ndani ya hema. Katibu, hapo simama kidete: ifunikwe kwa kibanda kilicho wazi pande zote, au izimwe. Betri ipo, mbio hazitasimama.

Iwe pia upande ambao vumbi la murram halipeperukii. Sponji ya chujio la hewa ioshwe kila baada ya siku ya mbio. Na ardhi iwe tambarare. Nimewahi kuitwa kwa jenereta "iliyokufa" ambayo ilikuwa nzima kabisa: imewekwa kwenye mteremko, oili imekimbilia upande mmoja, kitambuzi kikadhani oili imekwisha kikazima injini. Tuliinyanyua, tukaweka kipande cha ubao chini ya mguu, ikawaka kwa mvuto wa kwanza.

Nyaya: kwa mita 50 tumieni waya wa milimita za mraba 2.5. Ule wa 1.5 ukibeba ampea 10 kwa umbali huo unapoteza kama volti 12 njiani. Kibiringita cha ekstensheni kikunjuliwe chote, kwani waya uliokunjwa ukibeba mzigo hupata joto hadi plastiki inashikamana. Viungo visikae kwenye nyasi zenye maji.

Jambo la usalama ambalo hata mafundi hulikosea: jenereta ndogo nyingi nyutro yake (waya wa kurudishia umeme) haijaunganishwa na bodi ya chuma. Ile swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30, huenda isifanye kazi ukiichomeka tu hapo. Kwa vifaa vichache na waya mmoja, hatari ni ndogo. Mkitaka kusambaza umeme kwenye vibanda vingi, mwiteni fundi mwenye leseni aunganishe nyutro, aweke fimbo ya ardhini na kuipima swichi. Na kama siku moja mtatumia uwanja wa shule, kamwe msichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili "madarasa yawake". Umeme huo hupanda transfoma kinyumenyume ukatoka na maelfu ya volti kwenye nguzo, ambapo fundi wa laini anafanya kazi akijua umekatika.

Petroli ikae mbali na jenereta, na msiongeze mafuta ikiwa inawaka. Zimeni, mngoje dakika 15 ipoe. Pangeni saa ya kuongeza iangukie mapumziko, betri ikiwa imebeba meza ya muda.

Mwisho, kwa kuwa mnaitumia mara moja kila miezi miwili: jioni ya mashindano, kabla hamjaipakia kwenye gari, fungeni koki ya petroli mkaiacha injini iwake mpaka izime yenyewe. Hiyo inamaliza petroli yote iliyomo kwenye karibureta. Petroli iliyolala humo miezi miwili huacha utando kama gundi, unaoziba tundu jembamba kuliko sindano. Oili ya kwanza mwageni baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100. Betri ya lithiamu ihifadhiweni ikiwa imejaa kama nusu, mahali pasipo jua, mkaijaze usiku wa kuamkia mashindano. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo, jina lake liandikwe kwenye daftari la klabu.