Kura Zangu 11

Juma lililopita msichana mmoja wa Wete, Pemba, aliniandikia akiniuliza iwapo agombee jimbo au asubiri viti maalumu vya wanawake, na swali lake likanirejesha katika ukumbi wa skuli ambamo jina langu lilisomwa la tatu katika kura za maoni za chama changu, kwa kura 11.

Mwanangu, wajumbe walioniahidi walikuwa 34. Niliwaandika katika daftari langu la mauzo ya mwani, maana wengi wao ni wanawake tuliofunga mwani pamoja kwa miaka, maji yakitufika magotini.

Usiku ndio ulionishinda. Baada ya sala ya Isha wagombea wenzangu walikwenda maskani, yaani kijiweni, wakanywa kahawa na wajumbe hadi saa sita, ilhali mimi nilikwisha kufunga mlango tangu Magharibi, nikichelea kuambiwa natembea usiku. Huko wajumbe walielezwa kwamba mwanamke ana viti vyake, na kumpa jimbo juu yake ni kumpakulia mara mbili. Wanaume wakarudi majumbani kwa wake zao na maneno hayo, na asubuhi shoga yangu wa pwani akaniamkia huku akitazama vidole vya miguu yake.

Viti maalumu sividharau. Katiba ya Zanzibar ya 1984, baada ya mabadiliko ya 2010, inavitengea asilimia 40 ya idadi ya wajumbe wa majimbo katika Baraza la Wawakilishi. Rais Samia mwenyewe aliingia Baraza la Wawakilishi kwa viti hivyo mwaka 2000, kisha mwaka 2010 akagombea ubunge wa jimbo la Makunduchi akashinda. Kwa hiyo anayekwambia kwamba kiti maalumu ndiyo stahiki yako yote anakupunja.

Anza mapema, ikiwezekana kwa udiwani. Pata kaka au mume wa kukusemea maskani, au nenda mwenyewe ukifuatana na shangazi yako. Usihesabu ahadi; narudia, usihesabu ahadi. Na nyinyi wajumbe wanawake, wanawake wa Visiwani walipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1961, nanyi hadi leo mnangoja kuambiwa kutoka maskani nani anafaa?

Fomu zikitoka nijulishe, mwanangu. Daftari nitakupa, waliogeuka nimewatia alama kwa wino mwekundu.