Uchakavu wa milioni 10 na karani wa ghala la korosho

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 28, nipo Masasi. Nilisoma shahada ya kilimo SUA, na kwa misimu minne nimekuwa karani wa ghala: napokea korosho za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), napima unyevu, napasua sampuli kuona ubora wa ndani, naandika stakabadhi. Ndoto yangu ni benki ya uwekezaji, yaani kazi ya kuyatafutia makampuni mtaji kwa hisa na hati fungani (mikopo inayouzwa kwa wawekezaji), na kusimamia kampuni moja inaponunua nyingine. Mwezi uliopita niliitwa kwenye usaili Dar es Salaam. Wakaniuliza: "Uchakavu wa mitambo ukiongezeka kwa shilingi milioni 10, taarifa tatu za fedha zinabadilikaje?" Nikaduwaa. Naomba jibu, na uniambie ukweli: kwa historia yangu hii nisome CPA (ya uhasibu), CFA (ya uchambuzi wa uwekezaji) au MBA (uzamili wa biashara), au niachane nayo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hilo lililokuumbua.

Kodi ya kampuni kwetu ni asilimia 30. Anza na taarifa ya mapato: uchakavu, yaani gharama ya mitambo kuzeeka, ukipanda milioni 10, faida kabla ya kodi inashuka milioni 10, kodi inashuka milioni 3, na faida halisi inashuka milioni 7. Nenda kwenye mtiririko wa fedha: unaanza na hiyo hasi 7, kisha unarudisha 10 kwa sababu uchakavu ni gharama ya vitabuni tu, hakuna aliyelipwa senti. Fedha taslimu inaongezeka milioni 3. Kwenye mizania, yaani taarifa ya mali, madeni na mtaji, mitambo imepungua 10, fedha imeongezeka 3, kwa hiyo mali zimepungua 7. Upande wa pili, faida iliyolimbikizwa nayo imepungua 7. Pande zote zimelingana.

Hilo ndilo jibu la kitabuni, na ndilo walilotaka. Ila ukiwa na ujasiri, ongeza sentensi moja. TRA, mamlaka ya mapato, hawafuati uchakavu wa vitabu vyako, wana viwango vyao kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Kwa hiyo ukibadilisha uchakavu vitabuni peke yake, kodi unayolipa mwaka huu haitikisiki. Ile milioni 3 inaingia vitabuni kama kodi iliyoahirishwa, yaani nafuu ya kodi ya miaka ijayo, na fedha taslimu inabaki palepale. Wasailiwa wengi hawafiki hapo, na nimeona hata wasaili wawili watatu wakijikuna kichwa.

Sasa tuje kwenye swali ambalo hukuulizwa, na ambalo ulipaswa kulivuta wewe mwenyewe mezani.

Chukua kiwanda cha kubangua korosho. Mnada ni wa miezi michache kuanzia Oktoba, lakini mashine zinataka kubangua karibu mwaka mzima. Mwenye kiwanda inabidi anunue zote sasa. Tuseme tani 1,000 kwa shilingi 3,000 kwa kilo: bilioni 3, zote za mkopo wa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Anabangua sawasawa kwa miezi kumi na kurudisha mkopo kadiri anavyouza. Deni lake la wastani ni bilioni 1.5, na riba ya miezi hiyo kumi ni shilingi milioni 187.5. Mchambuzi yeyote wa mjini ataipata hesabu hii kwenye Excel kabla chai haijapoa.

Wewe unajua jambo ambalo yeye halijui. Gunia la kilo 80 halitoi kiwango kilekile cha korosho iliyobanguliwa. Lililoanikwa vizuri linaweza kutoa ratili 50 (ratili moja ni karibu nusu kilo), lililorundikwa na unyevu likashuka hadi 48 au chini ya hapo. Tani 1,000 ni magunia 12,500. Ratili mbili zikipotea kwa kila gunia, umepoteza ratili 25,000. Tuseme ratili inauzwa dola 3 na dola ni shilingi 2,500 (nimechagua namba za mviringo ili hesabu iwe nyepesi): ni shilingi milioni 187.5. Umeona? Ratili mbili tu za gunia zimekula sawa na riba yote ya benki. Watu watakaa mezani wiki nzima wakibishana kama riba iwe asilimia 15 au 14, na hakuna atakayeuliza nani alipasua sampuli.

Hiyo ndiyo historia yako "isiyofaa". Mimi niliingia kazi hii nikitokea kufundisha jiografia Nachingwea, na kwa miaka miwili nilikuwa naficha ualimu kama mtu anayeficha madeni. Ulikuwa ujinga. Kwenye wasifu wako usiandike "karani wa ghala" ukaishia hapo. Andika tani ngapi zimepita mikononi mwako, zina thamani gani kwa bei ya mnada, upotevu wa uzito ulikuwa asilimia ngapi, na migogoro mingapi ya mizani uliimaliza kwa karatasi. Stakabadhi ghalani, iliyoanza kwa korosho za Mtwara msimu wa 2007/08, ni hati inayoweza kuwekwa benki kuwa dhamana ya mkopo. Umeshika dhamana za watu kwa misimu minne bila kuziita hivyo.

Na usiogope hesabu za thamani ya fedha kwa wakati, yaani kwamba shilingi ya leo si sawa na ya kesho. Mtu wa kangomba, yule mlanguzi anayenunua korosho kabla ya msimu, anayempa mkulima 1,500 kwa kilo mwezi wa saba, kwa korosho itakayouzwa 2,500 mwezi wa kumi na moja, anavuna theluthi mbili ya fedha yake kwa miezi minne. Dhamana za serikali za muda mfupi nazo hununuliwa kwa bei ya chini na kulipwa thamani kamili baadaye. Hesabu ni ileile, tofauti ni kwamba kwenye dhamana za serikali hakuna anayeumizwa.

Kuhusu vyeti. MBA kwa sasa hapana. Ni fedha nyingi kwa mtu ambaye bado hajaingia mlangoni. Inafaa zaidi kwa anayelenga London au New York, ambako mabenki makubwa huchukua watu wa fani nyingine kupitia shule za biashara. CPA ni nzuri lakini ni safari ndefu kwako usiye na msingi wa uhasibu. Ningeanza na kozi ya cheti ya soko la mitaji chini ya CMSA, mamlaka inayosimamia soko hilo, kisha CFA ngazi ya kwanza. Jiandae kwa takriban saa 300 za kusoma kwa kila ngazi, na ngazi ziko tatu. Uhasibu wa msingi unaweza kuupata hapohapo kusini, chuo cha uhasibu cha TIA kina tawi Mtwara.

Mlango wenyewe usiutafute kwenye kibao kilichoandikwa "benki ya uwekezaji", kwa sababu kwetu vibao hivyo ni vichache. Kazi hiyo inafanywa na madalali wa soko la hisa, idara za ushauri za kampuni kubwa za ukaguzi, na vitengo vya mabenki vinavyohudumia makampuni makubwa. Kwako njia fupi ni uchambuzi wa mikopo ya kilimo, iwe benki ya biashara au TADB, benki ya maendeleo ya kilimo. Kaa hapo miaka miwili, jenga modeli (hesabu za makadirio kwenye Excel), halafu hama. Usisubiri mradi wa gesi wa Likong'o, kule Lindi. Mazungumzo yake yamekuwa marefu, na umri haukusubiri.

Wakati unatafuta, soma nyaraka za matarajio, zile kampuni huzitoa inapouza hisa au hati fungani kwa umma, kama riwaya. Anza na ya Vodacom Tanzania ya 2017, hisa moja shilingi 850, waliokusanya shilingi bilioni 476. Kisha ya hati fungani ya mamlaka ya maji Tanga ya 2024, shilingi bilioni 53.12, uone jinsi bili za maji za watu wa kawaida zinavyogeuka kuwa malipo ya riba.

Kisha fungua Excel, jenga kile kiwanda cha tani 1,000 kwa namba za ghala lako, taarifa zote tatu, mwezi kwa mwezi, na sehemu ya kubadilisha ratili kwa gunia. Mizania ikigoma kulingana, nitumie faili tuitazame pamoja.