Shingo haijakaza na mtoto ana miezi 8: nisubiri?

SWALI: Mwanangu ana miezi 8, shingo bado haijakaza. Nikimwinua anakakamaa, miguu inapishana kama mkasi. Alichelewa kulia alipozaliwa. Mama mkwe anasema atachangamka tu. Hospitali yenye mazoezi tiba iko mbali, nauli ya kila wiki siimudu. Nisubiri?
Mama, Kilolo

JIBU: Usisubiri, mama. Kufikia miezi 4 watoto wengi shingo imekaza. Hizo dalili zako tatu zinatosha kuomba rufaa, hata kabla mtu hajatamka mtindio wa ubongo, yaani ubongo kudhurika mapema hadi mwili ushindwe kujiongoza vizuri. Kliniki wasiishie kwenye mizani na chanjo: waoneshe shingo, ulizia pia kipimo cha macho na masikio.

Kuhusu nauli, mwambie mtaalamu wa mazoezi tiba mapema kwamba utaweza kurudi baada ya mwezi, akupe mazoezi ya mwezi mzima. Usiondoke kwa kutazama tu. Mshike mtoto wewe, yeye akurekebishe mikono. Ukiweza nenda na mama mkwe, maana ndiye anayebaki naye ukiwa shamba.

Nyumbani, viringisha khanga iwe nene kama mkono wako, iweke chini ya kifua chake akiwa amelala kifudifudi, viwiko vikitangulia mbele. Lala chini umtazame usoni, umwite. Anza na dakika 2 au 3, mara kadhaa kwa siku, kabla hajala. Mbeleko nayo inasaidia sana: mapaja yakitanuka kiunoni mwako, ule mkasi unafunguka. Kichwa kishikwe na khanga kisining'inie. Miguu usiivute kwa nguvu, itakaza zaidi. Kunja kwanza nyonga na magoti, polepole, ndipo uitanue.

Kinachotutia hofu zaidi ni kulisha mtoto akiwa chali. Kichwa kikilala nyuma, uji huingia njia ya hewa, na hapo ndipo kinapoanza kikohozi kisichoisha, hata nimonia. Mpakate wima, kidevu kiiname kidogo. Uji uwe mzito, wa kudondoka taratibu kwenye kijiko. Mpe nusu kijiko, subiri ameze. Mlo unaweza kuchukua nusu saa, kwa hiyo mgawie mara nyingi kidogo kidogo.

Akianza kujikunja ghafla huku mikono ikiruka, mara nyingi mfululizo, hasa akitoka usingizini, msidhani ni kushtuka au tumbo. Hiyo ni aina ya degedege. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.